Mita haipumziki: kutafuta nishati inayopotea kiwandani, dalili kwa dalili

Mashine ikikwama, zamu nzima inajua ndani ya dakika moja. Hewa ikivuja juu ya dari, au trapu ya mvuke (vali inayotoa maji ya mvuke uliopoa na kuuzuia mvuke wenyewe) ikibaki wazi, kazi inaendelea kama kawaida, bidhaa zinatoka, na bili inalipwa. Hasara ya aina hii huonekana tu kwa anayeitafuta, na ugumu wake ni kwamba dalili hujitokeza mbali na hitilafu. Fundi wa mashine ya kufunga bidhaa analalamika kuwa hewa ni dhaifu, chumba cha kompresa kinaongeza presha, kumbe filta iliyoziba iko mita 2 kutoka kwenye mashine ileile. Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kinalipia filta moja.

Kwa hiyo kabla ya kununua mota mpya, boila mpya au paneli za jua, fuata dalili mpaka uifikie hitilafu. Mashine mpya ikifungwa kwenye mfumo unaovuja, itavujisha kwa ufanisi mkubwa zaidi.

Vifaa vya kuwa navyo

Unahitaji rekodi ya mita kuu ya umeme ya kila dakika 15 au 30, mita ya maji yanayoingia kwenye boila, mita ya mafuta au gesi, klampu mita (kipimo cha ampea kinachoshika waya kwa nje), kipimo cha gesi za dohani kinachosoma oksijeni, monoksidi ya kaboni na joto, kifaa cha kusikilizia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, na kipima joto cha miali. Hicho cha mwisho hudanganya kwenye chuma kinachong'aa: bomba la chuma cha pua lenye nyuzi 150 linaweza kusomeka kama lina 60. Bandika kipande cha utepe mweusi unaostahimili joto, subiri kipate joto la bomba, kisha pima juu yake.

Dalili: usiku na siku za mapumziko mita bado iko juu

Anza hapa, kwa sababu hakuna uzalishaji wa kusingizia. Chora matumizi ya wiki nzima, saa kwa saa. Ikiwa kiwanda kinatumia kW 900 mchana na kW 350 usiku wa Jumapili wakati hakuna kinachozalishwa, hizo 350 zina majina, na kazi yako ni kuzitaja moja moja.

Njia ya uhakika ni kuzima kwa mpangilio. Chagua siku ambayo hakuna uzalishaji, kaa na fundi wa umeme kwenye chumba cha swichi kuu, na mkubaliane mapema vitu visivyoguswa: mfumo wa zimamoto, taa za dharura, seva, vyumba vya baridi vyenye bidhaa, matanuri ambayo matofali yake hupasuka yakipoa ghafla. Vingine vyote zima paneli kwa paneli, ukisubiri dakika 5 kati ya moja na nyingine, na uandike kW zilizoshuka. Kufikia mchana utakuwa na orodha ambayo hakuna mshauri angeweza kukuandikia akiwa ofisini.

Wahalifu wa kawaida ni kompresa inayolisha mivujo tu, feni za kunyonya vumbi kwenye mashine zilizozimwa, pampu za haidroli zinazozungusha mafuta bila kazi, pampu za maji ya kupoza, na vipasha joto vya mashine za plastiki vilivyoachwa ili "Jumatatu tusichelewe". Kwa hivi vya mwisho pima muda halisi wa kupasha. Mara nyingi ni saa 2, na saa ya kuwasha yenyewe inatosha. Hakuna sababu ya kuvichoma saa 36.

Transfoma nazo zina hasara ya kudumu hata zisipobebeshwa mzigo. Ukiwa na mbili zinazobeba robo ya uwezo wake kila moja, muulize mhandisi wa umeme kama moja inaweza kupumzika. Hili ni dogo, lisikupotezee wiki.

Dalili: kWh kwa tani zimepanda, lakini hakuna kilichoharibika

Huenda kweli hakuna kilichoharibika. Kila kiwanda kina matumizi ya kudumu na matumizi yanayofuata uzalishaji. Chukua mfano wa kiwanda chenye matumizi ya kudumu ya kWh 120,000 kwa mwezi na kWh 300 kwa kila tani. Kikizalisha tani 800, jumla ni kWh 360,000, yaani 450 kwa tani. Mwezi unaofuata oda zikipungua hadi tani 500, jumla inashuka hadi kWh 270,000, lakini kwa tani ni 540. Uwiano umepanda kwa asilimia 20 bila mashine yoyote kubadilika, na meneja wa matengenezo anaitwa kujieleza.

Tiba yake ni grafu. Weka tani kwenye mstari wa chini na kWh kwenye mstari wa wima, kwa miezi 12 au, bora zaidi, kwa wiki 52, kisha pitisha mstari unaolingana na nukta hizo. Mahali mstari unapokata ukingo wa wima ndipo yalipo matumizi ya kudumu. Baada ya hapo, kila wiki linganisha matumizi halisi na yale ambayo mstari ulitabiri, na ujumlishe tofauti hizo mfululizo. Jumla ikianza kupanda wiki baada ya wiki, kuna kitu kimeharibika kweli, na wiki ilipoanza kupinda inakuambia utafute nini: nani alibadilisha nini siku zile?

Nukta zikisambaa ovyo bila kufuata mstari wowote, mara nyingi ni kwamba tarehe za kusoma mita haziendani na tarehe za hesabu ya uzalishaji, au bidhaa mbili tofauti sana zimejumlishwa kama tani za aina moja. Rekebisha hayo kabla hujalaumu mashine.

Dalili: kompresa haipumziki, na bado presha ni ndogo mwisho wa laini

Hewa ya kompresa ndiyo nishati ghali kuliko zote kiwandani, na ndiyo inayochukuliwa kama ya bure. Kwenye presha ya bar 7, kila mita moja ya ujazo ya hewa hula takriban kWh 0.1 hadi 0.12. Tundu la milimita 3 kwenye presha hiyo hupitisha takriban lita 11 kwa sekunde, ambazo ni kama kW 4 za umeme mfululizo. Likiachwa mwaka mzima ni kWh 35,000. Milimita 3 ni upana wa skrubu ndogo.

Pima mivujo kwanza. Kama kompresa yako ni ya kubeba na kuachia (hujaza hewa kwa nguvu zote, kisha huzunguka bila kujaza), mashine zote za uzalishaji zikiwa zimesimama lakini mabomba yakiwa na presha, hesabu kwa sekunde muda inaobeba na muda inaoachia, kwa mizunguko 5 au zaidi, kisha chukua wastani. Tuseme kompresa ya kW 75 yenye uwezo wa mita za ujazo 12 kwa dakika inabeba sekunde 40 na kuachia sekunde 80. Gawa 40 kwa 120: theluthi moja ya uwezo, yaani mita za ujazo 4 kwa dakika, zinaishia hewani. Hiyo ni takriban kW 25, ukiacha umeme ambao mashine hula hata ikiwa imeachia. Kompresa yenye kibadilisha kasi haipimiki hivi. Kwa hiyo zima kompresa, upime kasi ya presha kushuka kwenye tangi, au soma kipimo cha mtiririko kama kipo. Kiwanda ambacho hakijawahi kusaka mivujo kwa kawaida hukuta asilimia 20 hadi 30 ya hewa yake inavuja.

Kisha tafuta mivujo ilipo. Bomba kuu lililochomelewa ni nadra kuvuja. Kagua mita 2 za mwisho kabla ya mashine. Hapo ndipo zilipo kapling za kuchomeka haraka, mipira iliyokauka, glasi za filta, silinda zenye sili zilizochakaa, na viungio vya nyuzi vilivyofungwa bila utepe. Pita na kifaa cha kusikilizia, funga kibandiko chenye namba kila unapokuta mvujo, na uandike ukubwa wake kwa makadirio. Usisahau vali za kutolea maji chini ya matangi na vikaushio. Zile za saa hufunguka kwa ratiba hata kama hakuna maji, na mtu akiona maji yamezidi msimu mmoja huongeza muda wa kufunguka, kisha hakuna anayeurudisha. Vali zinazofunguka kwa kuhisi maji huondoa tatizo hilo.

Sasa kuhusu presha ndogo mwisho wa laini. Usiguse kitufe cha kuongeza presha. Weka geji tatu, moja ikitoka kwenye kompresa, ya pili baada ya kikaushio na filta, ya tatu kwenye mashine inayolalamikiwa, na uzisome wakati mashine inafanya kazi, kwa sababu hewa ikiwa imetulia geji zote hulingana. Tofauti kubwa kati ya ya kwanza na ya pili inaonyesha filta au kikaushio. Kati ya pili na ya tatu, tafuta bomba jembamba, vali iliyofungwa nusu, regyuleta ndogo, au mpira mrefu wenye kapling tatu mfululizo. Ikishuka kwa sekunde chache tu na kurudi, kuna mtumiaji wa ghafla karibu, na tangi dogo jirani yake litamaliza ugomvi kwa gharama ndogo.

Kila bar 1 unayoongeza kwenye kompresa inakula takriban asilimia 6 hadi 7 zaidi ya umeme, na juu ya hapo mivujo yote inapitisha hewa nyingi zaidi kwa kuwa inasukumwa kwa nguvu zaidi. Ukishatengeneza mwisho wa laini, shusha presha kwa bar 0.2 kila siku chache mpaka mashine moja ilalamike, uirekebishe hiyo mashine, kisha uendelee.

Kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi: mivujo imezibwa, vibandiko 140 vimeondolewa, na mita haijashuka kama ilivyotarajiwa. Sababu ni kwamba kompresa mbili bado zinafanya kazi, kila moja ikibeba nusu mzigo. Ya kubeba na kuachia ikiachia bado hula robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida, wakati mwingine zaidi. Akiba itaonekana pale utakapoizima kabisa moja, au utakapopanga moja ibebe mzigo wote wa kudumu na ile ya kibadilisha kasi ifuate mabadiliko. Zikiwa na swichi za presha zinazogombana, zitaendelea kupokezana uvivu.

Na kwa yanayofanywa na hewa ambayo hayakuhitaji hewa ya bar 7: kupuliza vumbi, kukausha chupa, kupoza kabati la umeme, kukoroga tangi. Kipuliziaji cha presha ndogo hufanya kazi hizo kwa sehemu ndogo ya umeme. Kupuliza nguo zilizo mwilini kwa hewa ya kompresa ni hatari kwa macho na ngozi, kwa hiyo hilo likatazwe hata kama umeme ungekuwa bure.

Joto la chumba cha kompresa nalo litazame. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompresa hutoka kama joto. Kama linazunguka chumbani na kuvutwa tena na mashine, unalipa mara mbili. Likielekezwa kwenye maji ya kuoshea au maji ya kulisha boila, linapunguza mafuta.

Dalili: mafuta ya boila yamepanda

Pima gesi za dohani boila ikiwa kwenye mzigo uleule uliopima mwezi uliopita. Vipimo vya mizigo tofauti havilinganishiki. Kisha soma namba tatu kwa pamoja.

Joto la dohani limepanda na oksijeni haijabadilika: joto halipiti kwenye mirija. Upande wa moto kuna masizi, au upande wa maji kuna ukoko. Kupanda kwa kila nyuzi 20 hivi ni takriban asilimia 1 ya mafuta inayopotea. Masizi husafishwa kwa brashi siku moja. Ukoko unataka maelezo zaidi: kagua kilainisha maji, pima ugumu wa maji yanayotoka humo, na uangalie kama chumvi ya kukirejesha ilisahauliwa. Kuondoa ukoko kwa asidi huku kilainisha maji kimekufa ni kazi ya kurudia.

Oksijeni imepanda: hewa nyingi inapashwa joto na kutupwa nje. Kwa gesi asilia lengo la kawaida ni asilimia 2 hadi 3 ya oksijeni kwenye moshi, kwa mafuta mazito 3 hadi 4, ingawa bana (vichomeo) za zamani haziwezi kushuka hadi huko mzigo ukiwa mdogo. Sababu ni viungo vya damper (bamba linalodhibiti hewa) vilivyolegea, kamba za mlango wa boila zilizochakaa, au bana iliyorekebishwa msimu wa joto na kuachwa.

Monoksidi ya kaboni imepanda: mafuta hayaungui yote. Kama oksijeni nayo iko chini, hewa haitoshi. Kama oksijeni iko juu, hewa na mafuta havichanganyiki, na tatizo liko kwenye nozeli au kisambaza hewa. Kamwe usipunguze hewa kwa kutazama oksijeni peke yake bila kipimo cha monoksidi ya kaboni mkononi. Hii ni gesi inayoua.

Ukifunga ekonomaiza (kifaa kinachopasha maji ya boila kwa joto la moshi), kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji ya kulisha boila huokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Ila kwa mafuta yenye salfa, moshi ukipoa mno hutoa asidi inayokula chuma, kwa hiyo mtengenezaji ndiye anayeweka kikomo cha chini.

Boila inayowaka na kuzima kila dakika chache ni kubwa kuliko kazi yake. Kila inapowaka, feni husafisha kwanza tanuru kwa hewa baridi, na joto lililokuwa kwenye chuma linatoka dohani. Punguza idadi ya boila zinazosubiri, au panua tofauti kati ya presha ya kuwasha na ya kuzima.

Dalili: maji mengi mapya yanaingia kwenye boila

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na kinachosahaulika. Mvuke uliofanya kazi hugeuka maji, nayo maji hayo ya moto yanapaswa kurudi. Mvuke wa bar 7 una joto la nyuzi 170, na maji yanayobaki baada ya kutoa joto lake bado yana karibu robo ya nishati yote iliyokuwamo. Yakifika kwenye tangi lililo wazi, takriban asilimia 13 ya uzito wake hugeuka mvuke tena papo hapo na kupaa. Wingu dogo juu ya tangi la maji ya boila ni la kawaida. Wingu nene linalovuma bila kukoma lina maana kuwa kuna trapu zinazopitisha mvuke hai.

Trapu iliyoshindwa kufunga, yenye tundu la milimita 3, hupitisha hadi kilo 30 za mvuke kwa saa kwenye presha hiyo. Kwa boila ya gesi hiyo ni kama kW 24 za mafuta. Kwa saa 8,000 za mwaka ni tani 39 za hewa ukaa. Na trapu moja huwa haiharibiki peke yake: kiwanda ambacho hakijakagua kwa miaka kadhaa hukuta nyingi.

Kuzipima, joto peke yake halitoshi, maana trapu nzima na iliyobaki wazi zote zina moto pande zote mbili. Sikiliza. Trapu ya ndoo hufunguka na kufunga kwa mapigo. Ya diski hugonga mara chache kwa dakika. Ikinguruma mfululizo, imekwisha. Trapu baridi ni ugonjwa mwingine: imeziba, maji yanajaa kwenye kipasha joto, bidhaa haziivi, na mtu wa zamu anafungua vali ya pembeni ili kazi iende. Vali hiyo ya pembeni ndiyo hasara kubwa zaidi, na utaikuta imefunguliwa nusu na kutu imeishika. Kwa hiyo ukikuta trapu baridi, angalia mara moja vali iliyo jirani yake.

Kama maji hayarudi kwa sababu yamechafuliwa na bidhaa, usiyamwage na joto lake. Yapitishe kwenye kibadilisha joto kwanza.

Mabomba yaliyo uchi ni rahisi kuyahesabu. Bomba la inchi 2 lenye mvuke wa bar 7, lisilofunikwa, hupoteza takriban nusu kilowati kwa kila mita. Vali uchi hupoteza kama mita moja hivi ya bomba uchi. Kinachotokea ni kwamba mafundi huvua kihami joto ili wafanye matengenezo na hawakirudishi kwa kuwa kilikatwa kwa kisu. Majaketi ya kufunga kwa kamba kwenye vali na flanji hurudishwa, kwa sababu kuyarudisha ni dakika 2.

Dalili: invata imefungwa, akiba haionekani

Invata ni kibadilisha kasi cha mota. Sheria inayotajwa ni kwamba nguvu inayohitajiwa na feni au pampu hufuata kasi iliyopigwa mara tatu yenyewe: kasi ikiwa asilimia 80, umeme ni kama asilimia 51. Ni kweli kwa mfumo ambao kazi yake yote ni kushinda msuguano. Pampu inayopandisha maji mita 30 juu hadi kwenye tangi lazima ishinde huo urefu kwa kasi yoyote, na ikipunguzwa kasi kupita kiasi inazunguka bila kusukuma chochote.

Ukiacha hilo, kagua haya: je, invata inazunguka Hz 50 saa zote kwa sababu presha iliyowekwa ni ya juu isiyofikika? Je, vali ya kubana bado imefungwa nusu kama zamani? Je, njia ya kurudishia maji bado iko wazi? Ukikuta moja ya hayo, invata ni pambo la ukutani. Na kama mtiririko unaohitajika haubadiliki kamwe, kunyoa impela (gurudumu la ndani ya pampu) au kubadilisha puli ni rahisi zaidi, tena hakuna kielektroniki cha kuungua.

Mtego mwingine uko kwenye mota mpya za ufanisi wa juu. Hizo huteleza kidogo kuliko za zamani (hazibaki nyuma sana ya kasi ya umeme), hivyo huzunguka haraka zaidi. Feni iliyokuwa kwenye mizunguko 1,465 kwa dakika ikifungiwa mota ya 1,480 inadai umeme wa asilimia 3 zaidi, na ufanisi ulioulipia unamezwa wote. Badilisha puli ili feni irudi kasi yake ya awali.

Mota zikichemka bila mzigo mkubwa, pima volti za fezi tatu kwenye vituo vya mota yenyewe. Tofauti ya volti ya asilimia 1 inaweza kuleta tofauti ya ampea mara 6 hadi 10 ya hiyo. Sababu huwa ni kiungio kilicholegea, au mizigo ya fezi moja iliyorundikwa upande mmoja.

Dalili: kapasita zimefungwa, bili imeshuka, kWh ziko palepale

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kapasita huondoa faini ya pawa fakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na umeme wote unaovutwa) na kupunguza mzigo wa nyaya na transfoma. kWh huokoa kidogo sana, na hewa ukaa vivyo hivyo. Kupandisha pawa fakta ya mzigo wa kW 400 kutoka 0.75 hadi 0.95 kunahitaji kapasita za kama kVAr 220 (kipimo cha ukubwa wa kapasita). Kama kiwanda kina invata nyingi, chukua kapasita zenye riakta (koili) za kuzuia haremoniki, yaani mawimbi machafu ya umeme yanayotoka kwenye invata, la sivyo zitavimba na kupasuka.

Dalili: mtambo wa ubaridi unafanya kazi muda wote

Kila nyuzi 1 unayoshusha kwenye joto la kondensa (sehemu inayotoa joto nje), au kupandisha kwenye joto la ivaporeta (sehemu inayopoza), huokoa takriban asilimia 2 hadi 3. Osha kondensa. Angalia kama hewa yake ya moto inazunguka na kurudi. Linganisha presha ya kondensa na joto la gesi kwenye jedwali: ikiwa presha ni ya juu kuliko jedwali linavyosema, kuna hewa ndani ya mfumo, na inapaswa kutolewa na fundi mwenye vifaa vya kukamata gesi.

Gesi yenyewe ihesabu kwa kilo. R-404A, aina moja ya gesi ya ubaridi, ina nguvu ya kupasha dunia karibu mara 3,900 ya hewa ukaa, kwa hiyo kilo 10 zilizovuja ni sawa na tani 39, kama ile trapu ya mvuke kwa mwaka mzima. Anayejazia gesi kila robo mwaka bila kutafuta mvujo anaharibu hesabu ya kiwanda kizima.

Dalili: tanuri linakula mafuta hata bila mzigo

Mlango. Ndani ya tanuri la nyuzi 900, uwazi hutoa kW 107 za mionzi kwa kila mita ya mraba. Pengo lenye ukubwa wa karatasi mbili za A4 hupoteza zaidi ya kW 13 muda wote liko wazi. Rekebisha kamba ya mlango, kisha angalia presha ya ndani: ikiwa chini ya ile ya nje, tanuri linavuta hewa baridi kupitia kila ufa.

Dalili: nishati imepungua, lakini hesabu ya hewa ukaa haijapungua

Tenganisha ulichochoma mwenyewe na umeme ulionunua. Kwa ulichochoma, hewa ukaa kwa kila kWh ya mafuta ni takriban kilo 0.20 kwa gesi asilia, 0.27 kwa dizeli, na 0.34 kwa makaa ya mawe ya kawaida. Namba hizo zinaendana na thamani ya chini ya joto la mafuta. Makampuni mengi ya gesi hutoza kwa thamani ya juu, ambayo kwa gesi asilia huzidi kwa karibu asilimia 11. Ukizichanganya, hesabu yako inazidi kwa kiasi hichohicho, na hakuna trapu itakayoifidia. Kwa umeme, kigezo cha gridi (kilo za hewa ukaa kwa kila kWh ya umeme) hubadilika mwaka hadi mwaka: hifadhi hesabu mbili, moja kwa kigezo cha mwaka wa msingi ili uone juhudi zako, nyingine kwa kigezo cha sasa kwa ajili ya ripoti.

Kabla ya kubadilisha boila ya gesi kwa umeme, fanya hesabu hii. Boila yenye ufanisi wa asilimia 85 hutoa kilo 0.24 za hewa ukaa kwa kila kWh ya joto. Kama gridi ni kilo 0.5, kipasha joto cha koili kinatoa 0.5, mara mbili ya gesi. Pampu ya joto inayotoa kWh 3 za joto kwa kWh 1 ya umeme inatoa 0.17, na inashinda. Kwa gridi hiyo, chini ya uwiano wa 2.1 hushindi.

Dalili: akiba ilionekana miezi 3, kisha ikayeyuka

Pitia mipangilio. Presha ya kompresa imerudi bar 8, saa ya kuwasha imewekwa "muda wote", damper imefungwa kwa waya, invata imewekwa iendeshwe kwa mkono. Kila mmoja wa waliofanya hivyo alikuwa na sababu nzuri usiku ule. Bandika karatasi mlangoni mwa kila paneli yenye thamani iliyokubaliwa, tarehe na jina la cheo kinachoruhusiwa kuibadilisha, pamoja na mstari mtupu wa kuandika aliyeibadilisha na kwa nini. Zipitie karatasi hizo kila Ijumaa kabla ya zamu ya mwisho. Mstari ulioandikwa "presha ndogo mashine namba 4" ni dalili nyingine: rudi kwenye geji tatu.